Mlango Alioutoboa Ezron

Mtu akikaa juu ya jiwe siku nne mfululizo, akitazama wanawake wanavyopita njiani na madebe yao kichwani, na wewe una binti wa miaka kumi na tisa, utamfikiriaje? Mimi nilimfikiria vibaya. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba habari za Ezron zinatoka kwa mtu aliyeanza kwa kumchunga.

Alikuwa mtu wa Lufingo, mwembamba, mfupi, mwenye kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Miaka hiyo ya tisini kila mahali palikuwa panapunguza watu. Mume wangu Jairo naye alipunguzwa kwenye duka la ushirika mjini Tukuyu, na kiinua mgongo chake tukakifanya mashine ya kusaga, ya dizeli, iliyokwisha kutumika kwa mtu wa Mbeya. Tuliambiwa biashara sasa ni huria, kila mtu ajitafutie. Tukajitafutia.

Tulijenga kibanda cha matofali ya kuchoma kando ya barabara ya Ikuti, mlango ukitazama barabarani. Ikuti ni kwetu mimi. Jairo alitoka upande wa Busokelo, na wakwe zangu walizikwa huko zamani. Kwa hiyo pale Ikuti yeye ndiye mwenye wakwe, mimi sina.

Mashine ilipofungwa sikulala vizuri. Niliogopa wezi. Niliogopa pia watu wenye jicho, maana wapo, hata kanisani wapo. Nikamwambia Jairo tuweke benchi mbele ya mlango ili wazee wa kwetu wakae pale mchana. Nani atathubutu kufanya ubaya mbele ya wazee? Jairo alipenda. Wakwe zake kukaa mlangoni pake ilikuwa heshima. Seremala akatupigia benchi refu la mkaratusi, na wazee sita wakalipokea kama waliopewa ng'ombe. Mkubwa wao alikuwa baba yangu mdogo, Ambindwile, mzee mwenye maneno machache na masikio makali.

Wiki za kwanza watu walikuja kushangaa. Kisha wakapungua. Ikawa mchana mzima mashine inanguruma mara mbili au tatu tu. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mashine ya mtu anayeitwa Simon, ya siku nyingi, inayovuja mafuta, na ya kwake haikunyamaza toka asubuhi. Wanawake wa upande wetu walikuwa wakishuka bondeni, wanavuka maji, wanapanda kilima chenye utelezi, na debe la mahindi kichwani, wakati yetu iko hapa kwenye tambarare.

Jairo aliwauliza. Alikuwa muungwana, alikwenda nyumba kwa nyumba.

"Unga wenu mnene, baba," mmoja alisema.

Akaenda Mbeya akanunua chekecheke mpya, ya matundu madogo. Hawakuja.

"Mashine yenu inakula unga," mwingine alisema.

Akafungua mashine yote, akaziba kila upenyo. Hawakuja. Mwingine akasema Simon ana bei nzuri, na bei ilikuwa ile ile, lakini Jairo akashusha ya kwetu. Hawakuja. Hapo mimi nikajua tumerogwa, au kuna mtu anatusema. Nikaanza kuwatazama wote wanaotupitia, nani anacheka, nani anageuza uso.

Katikati ya hayo ndipo Ezron alipokuja kuomba kazi ya kuendesha mashine. Jairo akampokea siku hiyo hiyo. Mimi niliuliza: fundi wa kiwandani anataka nini kwenye mashine isiyo na mahindi? Jairo akanijibu, "Anataka kula, mama Tusekile, kama mimi na wewe."

Siku ya kwanza Ezron alisafisha injini. Ya pili alikaza mkanda. Ya tatu hakukuwa na cha kufanya, akavuka barabara, akaketi juu ya jiwe lililo chini ya migomba, akaanza kutazama.

Hakuwa akitazama mashine. Alikuwa akitazama njia. Mwanamke akitokea kwenye kona ya mkaratusi, macho yake yanamfuata mpaka aache barabara na kupotelea migombani. Kesho yake vile vile. Nilimwona anamwita binti yangu Tusekile, aliyekuwa akifagia kibanda, anamuuliza maneno, naye Tusekile anacheka. Nikamwita ndani.

"Anakuuliza nini yule?"

"Ananiuliza yule aliyepita ameolewa kwa nani."

"Na wewe ukamwambia?"

"Nimwambie nini, mama? Kila mtu anajua."

"Ameuliza na wewe utaolewa kwa nani?"

"Mama, yule ana mke na mtoto."

"Wote wana mke na mtoto," nikasema.

Siku ya nne nilikuta ukutani, ndani ya kibanda, alama za mkaa. Vijiti vingi upande mmoja, viduara vichache upande mwingine. Nikachukua kitambaa kibichi nikafuta zote. Kesho yake zilikuwa zimerudi, na vijiti vimezidi. Nikafuta tena. Yeye hakusema kitu, wala mimi sikusema. Tulikuwa tunasalimiana tu kila asubuhi, "Ugonile," naye "Ndaga, mama," kila mmoja akimwangalia mwenzake mikono.

Kisha nikamkuta nyuma ya kibanda jioni moja, kuna migomba tu huko, anapima ukuta kwa kamba. Anapima toka pembeni mpaka katikati, anaweka fundo, anapiga piga matofali kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Ukuta ule ndio ulioegemewa na injini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Jairo.

"Mtu wako anatafuta mahali pa kupitishia injini."

Jairo alikuwa anakula. Aliweka tonge chini, akanawa, akatoka. Mimi nikafuata nyuma.

"Ezron, unapima nini?"

Ezron akainua kofia. "Baba Tusekile, nilikuwa nataka kukuomba ruhusa. Nitoboe ukuta huu, niweke mlango."

"Mlango wa nini? Mlango upo."

"Kwa ajili ya hewa," Ezron akasema. Alikuwa anatazama chini aliposema hivyo, na mtu yeyote angeona kwamba si hewa.

Jairo aliutazama ukuta. Najua alichokuwa anakumbuka. Ile miaka ya themanini, wakati vitu vilipokosekana, alikuwa na mwenzake dukani aliyeuza sukari kwa mlango wa nyuma. Walimjia asubuhi, wakamchukua mbele ya watoto wake kama mhujumu uchumi, akarudi baada ya miaka, meno hana. Tangu wakati ule Jairo hakupenda nyumba yenye milango miwili. Hata ya kwetu ya kuishi ina mmoja.

"Duka la mlango wa nyuma nalijua mwisho wake," Jairo akasema. "Hapa anayekuja kusaga anapita mbele, watu wamwone. Wewe maliza mwezi huu, kisha utafute kwingine."

Ezron akakunja kamba yake. "Sawa, mzee."

Hakujitetea. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mtu asiye na hatia hujitetea.

Wiki hiyo hiyo akaja mtu wa Masukulu, Ackson, mfanyabiashara mwenye koti la ngozi hata kwenye jua. Alikuwa amesikia kwamba mashine yetu haina watu. Akaizunguka, akaipigapiga kama anayenunua ng'ombe, akataja bei yake. Jairo akaniangalia, mimi nikaangalia chini. Tungefanya nini? Dizeli inakaa kwenye pipa mpaka inaota utando. Jairo akampa mkono. Ackson atakuja na lori Jumatatu ya kwanza ya Desemba, na kama mashine inawaka, ni yake. Mume wangu akishatoa mkono haurudishi, nilikuwa namjua. Kwa hiyo nilijua kwamba baada ya siku hiyo tutakuwa na kibanda kitupu na benchi, na Jairo aliyekwisha kupunguzwa mara mbili, mara ya pili na watu wa kwao mke wake. Usiku hakuwa akilala. Alikuwa anageuka tu.

Lakini niliogopa na jambo lingine. Ezron anajua ukuta ulivyo. Akishaondoka, si atarudi na wenzake kabla Ackson hajafika? Nikaona niende Lufingo nikamjue mtu huyu kwao, maana mtu hujulikana nyumbani. Alhamisi nikachukua kikapu, nikasema nakwenda kutafuta miche ya migomba.

Nyumba yake niliulizia njiani mara mbili. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali mabichi kwenye uwanja wa baba yake, hatua thelathini tu toka kwenye nyumba ya mzee. Mkewe Prisca alikuwa anapepeta maharage, mtoto mgongoni. Nikamsalimu, nikasema nimesikia wana miche mizuri. Akanipa kigoda. Nikakaa, nikaanza kutazama. Vyombo vichache, safi. Baiskeli hakuna. Redio hakuna. Kama alikuwa mwizi basi alikuwa mwizi mvivu.

Kisha nikaona ukuta. Upande unaotazama nyumba ya mzee, katikati, matofali yalikuwa ya rangi nyingine, umbo la mlango, yamezibwa toka chini mpaka juu. Watu huziba nini ukutani?

"Mama," Prisca akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "umekuja kununua miche au kunihesabia vyungu?"

Nikaona aibu. "Mwanangu, mimi ni mama Tusekile wa Ikuti. Mume wako anafanya kazi kwetu."

"Nilijua. Alinieleza kuna mama anayefuta." Akacheka. "Anasema hajawahi kuona mtu anayefuta vizuri vile, hata kivuli cha mkaa hakibaki."

"Pale palikuwa na nini?" nikauliza, nikaonyesha ukuta.

"Palikuwa na mlango."

"Ukazibwa kwa nini?"

Prisca akaweka ungo chini. Akatazama upande wa nyumba ya mzee, akashusha sauti, ingawa mzee hakuwepo.

"Niliolewa hapa nikiwa mgeni kabisa. Ezron alijenga nyumba yeye mwenyewe, akaweka mlango utazame kwa baba yake, ni adabu, mtoto asimpe baba mgongo. Na mzee ana kigoda chake pale, chini ya ule mparachichi, anakaa toka asubuhi mpaka jua linazama. Sasa mimi nitoke vipi?"

Niligeuka nikautazama ule mparachichi.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe. Tunaita ukutila, kumwogopa. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja, hataji jina lake, na ndugu zake mzee vile vile. Ndiyo maana zamani vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Sasa ardhi imekwisha, kila mtu anajenga uwanjani kwa baba yake, na kanisani tunasema mambo hayo tumeyaacha. Tumeyaacha kwa mdomo.

"Miezi miwili," Prisca akasema. "Natoka alfajiri kuchota maji, natoka tena giza likiingia. Mchana nimo ndani kama kuku anayeatamia. Ezron akaniuliza, unaumwa? Nikasema kichwa. Akaleta dawa. Akauliza, moshi? Nikasema ndiyo, moshi. Akapanua dirisha. Akauliza, hunipendi? Nikalia tu. Ningesemaje? Niseme baba yako ananizuia kutoka? Mke gani anasema hivyo?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi siku moja akaniaga kwamba anakwenda kazini, hakwenda. Aliketi kwenye shamba la kahawa, pale, siku nzima, anaitazama nyumba yake. Majirani wakasema ana wivu, anamvizia mkewe. Hata mimi nilipojua nilikasirika. Aliniona nikifungua mlango, nikiona mzee yupo, nikifunga. Alisema nilifanya hivyo mara kumi na moja. Kesho yake hakuniuliza kitu tena. Alichukua nyundo akatoboa upande wa nyuma, ule akauziba."

Akachukua tena ungo wake. "Anasema mtu ukimuuliza, anakupa jibu la adabu. Ukimtazama miguu, inakupa la kweli."

Nilinunua miche mitatu ambayo sikuihitaji. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiwaona wale wazee sita kwenye benchi. Baba mdogo Ambindwile ana wana wanne, wote wameoa pale pale. Yule anayefuata ana watatu. Nikawahesabu wake zao kichwani: nusu ya wanawake wa upande wetu walikuwa na mkwe kwenye benchi lile, na nusu nyingine walikuwa na ndugu yake. Nikawakumbuka waliokuwa bado wanakuja kwetu, wale wa viduara. Wajane wazee. Wasichana wasioolewa. Mke wa mwalimu, mtu wa Iringa.

Nami nilikuwa nimewahi kujificha migombani Busokelo, mtungi kichwani, shingo inakatika, nikisubiri mzee amalize kuongea na mwenzake. Wakwe zangu walipokufa nilisahau, kama mtu anavyosahau njaa akishashiba. Na benchi niliomba mimi, ili kuzuia wabaya. Lilikuwa limezuia wateja.

Jioni nilimweleza Jairo. Nilidhani atafurahi. Alishika kichwa.

"Kwa hiyo niende niwaambie wakwe zangu waondoke mlangoni pangu?"

"Hapana."

"Niwaambie wanafukuza watu?"

"Hapana, baba Tusekile. Wakae. Wakae hapo hapo. Ndiyo maana Ezron alitaka atoboe nyuma."

"Na hakusema."

"Angesema nini? Yeye mgeni, awaseme wakwe zako kwako?"

Kisha akasema lile nililokuwa nalingoja. "Watu wataona mlango wa nyuma. Watasema tunapitisha chai ya wizi."

"Watasema," nikasema. "Sasa hivi wanasema tumefilisika."

Asubuhi Jairo alimwendea Ezron, akampa nyundo. Hakumwomba radhi kwa maneno, lakini alimbebea tofali la kwanza lililotoka.

Wazee waliposikia ukuta unapigwa, baba mdogo Ambindwile akaita toka kwenye benchi, "Jairo, nyumba inakuudhi?"

"Ni moshi wa injini, mzee. Tunautafutia njia."

"Aa," akasema mzee. "Moshi ni mbaya."

Hapo ndipo nilipomwona Ezron kazini, na kusema kweli bado nilikuwa namchunga, maana mwenye akili nyingi huchungwa zaidi. Alitoboa mlango kwa siku moja. Lakini hakuishia hapo. Alijenga ndani ya mlango kama rafu ya matofali, ya kutulia debe, ili mwanamke asihitaji mtu wa kumtua. Alipoimaliza akaniita.

"Mama, naomba ubebe debe hili uingie."

"Mimi si kibarua wako."

"Ndiyo, mama. Lakini mimi sijawahi kubeba debe kichwani."

Nikabeba. Nilipofika kwenye rafu ikabidi ninyanyue mikono, debe likayumba, mahindi yakamwagika. Tusekile akacheka mpaka akakaa chini. Ezron hakucheka. Alibomoa safu mbili za matofali, akaniita tena. Sasa ilikuwa chini mno, nikainama, shingo ikauma. Akaongeza safu moja. Mara ya tatu niliingia, nikageuza kichwa kidogo tu, debe likateleza lenyewe likakaa. Nikashangaa, lakini sikumwonyesha.

"Na mwenye mtoto mgongoni?" nikamuuliza, nikitaka kumshinda.

Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. "Hilo sikuliona," akasema. Kwenye mlango mwembamba asiye na mtoto hupita moja kwa moja, lakini mwenye mtoto mgongoni hupita upande upande, asije akamgonga kichwa. Akabomoa tena pembeni, akaupanua mlango kwa tofali moja na nusu. Kisha akapanga mawe bapa migombani, toka mlangoni mpaka kwenye njia ya mtoni, kwa sababu ya utelezi. Toka kwenye benchi huwezi kuona hata jiwe moja.

Ilibaki kuwaambia wenyewe. Jairo alitaka kutangaza kanisani. Ezron akamkataza, akasema tukitangaza tutakuwa tumewasema wazee hadharani, na hakuna mke atakayekuja, maana kuja ni kukiri. Nikasema hilo niachiwe mimi.

Nilikwenda kijitoni asubuhi nikamngoja Veronika, mke wa mwana wa tatu wa baba mdogo. Alikuwa na debe, anakwenda kwa Simon kama kawaida. Tukasalimiana.

"Veronika, migomba yangu ya nyuma ya mashine imestawi sana," nikamwambia. "Nimeitengenezea na kanjia. Uje uone siku moja."

Alinitazama usoni. Naye si mjinga. "Kanjia kanatokea wapi?"

"Hapa hapa, kwenye ule mwanzi. Mpaka ndani."

"Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa. Wala hukutani na mtu."

Alisimama akifikiri. Nikaona anashuku, na nikamwelewa. Mtu wa kumwambia jambo jema hivi asubuhi asubuhi lazima ana lake. Akavuka maji akaenda kwa Simon. Nikarudi nyumbani nimekata tamaa.

Kesho yake saa tatu, nikiwa nimekaa na Tusekile ndani ya kibanda, mwanga wa mlango wa nyuma ukazibwa. Veronika aliingiza kichwa kwanza, akatazama kulia na kushoto, akatazama mlango wa mbele ambao Ezron alikuwa ameutundikia gunia ili vumbi lisiwafikie wazee. Nje ya gunia, sauti ya baba mkwe wake ilikuwa inasimulia habari za ng'ombe. Veronika alisikiliza kidogo. Kisha akaingia, akageuza kichwa, debe likateleza kwenye rafu. Hakusema unga wetu ni mnene. Hakusema kitu. Alisaga, akabeba, akatoka.

Mchana walikuja wawili. Ijumaa walikuwa kumi na wanne, wamepanga mstari migombani, wananong'ona na kucheka chini chini, watoto mgongoni. Mashine ikanguruma mpaka jioni. Jairo alikuwa anatoka mbele, anaingia nyuma, kama mtu aliyepoteza kitu. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilikuwa inamuua, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja na mkono wake alikuwa ameshautoa.

"Mwambie umebadili nia," nikamwambia.

"Nilimpa mkono mbele ya wakwe zangu," akanijibu. "Waliona wote sita."

Jumatatu Ackson alikuja na lori na vijana wa kupakia. Alisimama barabarani, akatega sikio. Mashine ilikuwa inasaga. Mtu aliyezoea mashine hujua: ikizunguka tupu inalia nyembamba, ikiwa na mahindi inanguruma nzito. Ilikuwa inanguruma nzito. Ackson akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akatazama barabara juu na chini. Hakuna mwanamke, hakuna debe. Wazee sita tu kwenye benchi, wanapata vumbi la unga kidogo kwenye kofia.

Jairo alisimama mbele yake, ameshika mikono nyuma. "Karibu, bwana Ackson. Kama tulivyoagana."

"Mnasagia nani?" Ackson akauliza.

Jairo akatazama benchi. Wakwe zake wote walikuwa wanamtazama. Hakuweza kusema ni wake wa wana wao, wamejaa nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa pembeni ya kibanda, nikaona jasho linamtoka.

"Wateja," akasema.

"Wako wapi? Mimi niliambiwa hamna watu hapa. Nimekaa kwenye lori robo saa, hakuna aliyeingia wala aliyetoka." Akageukia wazee. "Wazee wangu, nyinyi mpo hapa kutwa. Mnaona watu wanaingia?"

Wazee wakaangaliana. Baba mdogo Ambindwile akapangusa unga kwenye goti lake, taratibu.

"Hatuoni mtu," akasema. "Tunaona unga tu. Wiki nzima sasa."

"Inasaga wiki nzima bila watu?"

"Jairo anasema ni moshi," mzee akasema. "Labda ni moshi unaokula ugali."

Wale wengine hawakucheka, wala yeye hakucheka. Nilimtazama baba yangu mdogo, na mpaka leo sijui alijua tangu siku gani. Masikio yake yalikuwa makali, na Veronika ana kikohozi chake anachojulikana nacho.

Ackson alirudi nyuma hatua mbili. Niliona uso wake unabadilika, nikajua anachofikiri, maana ndicho ningefikiri mimi. Mashine inayonguruma nzito na hakuna anayesaga. Mashine ya namna hiyo ni ya kichawi, na anayeinunua hununua na wachawi wake.

"Bwana Jairo," akasema polepole, "mimi ni mtu wa biashara. Mashine ya kusagia watu wasioonekana sinunui. Ikae huku huku kwenu."

"Lakini tulipeana mkono," Jairo akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli kabisa, maana aliona ni wajibu kusema hivyo.

"Nimekurudishia mkono wako. Mbele ya wazee hawa." Akapanda lori.

Lori lilipogeuka kwenye kona ya mkaratusi, Jairo alibaki amesimama pale pale, anatazama kiganja chake. Baba mdogo akamsogezea nafasi kwenye benchi, naye akaketi kati ya wakwe zake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mimi nilizunguka nyuma. Wanawake walikuwa wamenyamaza kwenye mstari, wamesikia yote. Veronika alikuwa wa kwanza mlangoni.

"Ameondoka?" akaninong'oneza.

"Ameondoka."

Akashika mdomo kwa khanga, mabega yakitikisika, na mstari mzima ukaanza kutikisika hivyo hivyo, bila sauti, kwa ajili ya wale waliokuwa upande wa pili wa ukuta. Ezron hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amemwachia Tusekile mashine, ameketi juu ya kisiki migombani, macho chini, anaitazama miguu yao.

Nikamfuata. "Sasa unatazama nini tena?"

"Yule wa mwisho, mama," akasema. "Mzito, mimba ya miezi saba hivi. Amesimama muda mrefu. Hana pa kukaa."

Nilimtazama yule mwanamke, kisha nikamtazama Ezron, kwa macho yale yale niliyomtazama nayo siku ya kwanza. Kisha nikaingia ndani nikatoa kigoda.